Niling'oa Mafiga kwa Sababu ya Kabichi Mbichi

Waliosoma habari zangu wiki iliyopita wananijua, na wengine wao wamenicheka mpaka wakaniandikia barua. Mama mmoja wa Machakos ameuliza kama nina akili timamu. Namjibu hapa hapa: wakati ule, hapana.

Kwa wageni, ni hivi. Jina langu ni Urbanus Kaleli. Niliacha shule darasa la tatu nikaingia jikoni, na mpaka mwaka huu wa hamsini na saba sijatoka. Nimekuwa mpishi wa Himatlal, Mhindi muuza vitambaa wa Thika, kwa miaka tisa. Mwaka huu tajiri wangu alipata kijitabu kutoka Bara Hindi kilichosema kwamba moto unaua chakula, na chakula kilichokufa kinaua watu. Akazima kila jiko la nyumba. Samli ikatolewa nje, maziwa yakaachiwa ndama. Nikawa mpishi asiyepika.

Nilikwaruza karoti, nilikuna nazi, nililowesha njugu, nilichipusha ndengu. Na kwa kuwa mpishi hula jikoni anapofanyia kazi, nami nilikula hivyo hivyo. Wiki ya tatu, kiungulia kilichonitesa miaka kumi na miwili kikatoweka.

Hapo ndipo nilipopotea. Mtu akishapona huwa na mdomo mrefu.

Niliipeleka dini hiyo nyumbani kwangu Ruiru, kwa mke wangu Mbithe na watoto wetu watatu. Nicanor ana miaka minane, Muasya mitano, na Kanini, msichana wetu wa mwisho, miwili. Ndengu hatukuwa nazo, basi nikalowesha maharagwe mekundu, nikasema yakishachipua yote ni mamoja. Tulitapika sote, pamoja na mbwa wa jirani aliyekula mabaki.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta Mbithe amepika chungu kizima cha isyo, mahindi na maharagwe yaliyoiva vizuri. Sikugombana naye. Niliona adui si mke wangu, adui ni moto. Nikaingia kwenye kijumba cha jikoni, nikang'oa mafiga yote matatu, nikayafunga kwenye baiskeli na kwenda kuyatupa mtoni.

Nilidhani nimeshinda.

Jumamosi nyingine niliporudi kutoka Thika, nyumba ilikuwa tupu. Hapo ndipo tulipoachia wiki iliyopita.

Jirani yangu Musau, fundi wa reli, alinikuta nimekaa mlangoni natafuna karoti.

"Wamekwenda," akasema.

"Wamekwenda wapi?"

"Kwa mama yake, Kalimoni. Si wewe uliyemfukuza?"

Nikamwambia sijafukuza mtu, niliondoa mawe tu. Musau akanitazama kama mtu anayetazama lori lililopinduka. Akaniuliza nimezaliwa wapi. Nikamwambia Kangundo. Akauliza kama huko Kangundo wanawake hupikia hewani.

"Kaleli, mafiga ni ya mwanamke. Unaweza kupiga kelele, unaweza kususa chakula, unaweza kulala kwa rafiki yako siku tatu. Lakini siku unapoyang'oa mafiga yake na kuyatoa nje, umemwambia nenda kwenu. Baba yako hakukufundisha?"

Baba yangu alinifundisha. Shida ni kwamba kwa miaka ishirini nimepikia watu wengine, kwenye majiko ya mafuta ya taa. Kwangu mimi jiko lilikuwa chombo tu. Likiharibika unalibeba, unalipeleka kwa fundi, unaleta jingine. Nilikuwa nimesahau kwamba nyumbani kwangu jiko halikuwa chombo cha mtu yeyote kubeba. Mimi, mpishi, ndiye niliyesahau, katika wanaume wote wa Ruiru.

Kwa kiburi nikasema atarudi mwenyewe.

Wiki ya kwanza hakurudi. Ya pili hakurudi. Kila Jumamosi nikirudi kutoka Thika nilikula kabichi peke yangu katika nyumba tupu, na kabichi mbichi ukiila peke yako hupiga kelele nyingi mdomoni. Musau alikuwa akipita dirishani na kuuliza, "Bwana Kabichi, unavunja kuni humo ndani?"

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyokaza.

Himatlal na mkewe Jashoda wana binti wawili. Savita ana miaka mitano na Vimla miwili. Kila Jumatatu asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, tajiri wangu huwapandisha mmoja mmoja kwenye mizani. Wiki tano za kwanza za chakula kibichi uzito wao ulishuka, na kila uliposhuka yeye alizidi kunyamaza. Lakini wiki hizi mbili za mwisho ulikuwa umepanda. Mashavu ya Vimla yalikuwa yamejaa kama ya mtoto kwenye picha ya kopo la maziwa.

"Unaona, Kaleli?" akaniuliza Jumatatu ile.

"Naona, bwana."

"Ni nazi."

"Ni nazi, bwana."

Nilisema kwa moyo wangu wote. Mimi ndiye niliyeikuna.

Niseme ukweli juu ya mtu huyu, maana ni rahisi kumcheka. Miaka mitatu iliyopita yeye na Jashoda walizika mtoto wao wa kiume. Homa ya tumbo ilimchukua kwa siku tisa. Tangu hapo tajiri wangu alikuwa akitazama kila sahani kama inayoficha nyoka. Kijitabu kilipomwambia iko njia ya watoto kutougua kabisa, hakuweza kukiweka chini. Nami ningekuwa yeye nisingekiweka.

Alipowateremsha watoto kwenye mizani akaniambia kwamba Jumapili atahutubia katika ukumbi wa Wahindi pale mjini. Watakuja watu wenye watoto wadogo, wote wakitaka kujua kama mtoto anaweza kukua bila moto. Atawaonyesha Savita na Vimla.

"Lakini watasema Himatlal ana duka, ananunua nazi na tende," akasema. "Kwa hiyo nitawaonyesha na nyumba yako. Mke wako na watoto watatu. Wanakula kibichi, wazima."

Hapa lazima nikiri jambo. Majuma machache nyuma nilikuwa nimejisifu kwake kwamba hata nyumbani kwangu moto umezimwa. Haukuwa uongo. Ulikuwa umezimwa kweli. Sikumwambia tu kwamba mwenye moto pia hayupo.

"Watakuja?"

"Watakuja, bwana."

Akaniwekea mkono begani. Kwa miaka tisa hakuwahi kunigusa bega. Kisha akasema taratibu kwamba mpishi asiyekiamini chakula anachotengeneza hawezi kukaa katika nyumba hii, na anafurahi kwamba mimi si mpishi wa namna hiyo.

Nikarudi jikoni nikaitazama kabichi. Nilikuwa na siku sita za kupata mke. Nisipompata, ningekosa yeye na kazi pamoja.

Jumamosi niliomba ruhusa mapema, nikapanda baiskeli mpaka Ruiru, nikamwomba Musau anisindikize Kalimoni. Akakubali kwa sharti kwamba tusiende mikono mitupu, na kwamba njiani nisimweleze habari ya karoti. Basi yeye akamvuta mbuzi niliyemnunua, mimi nikasukuma baiskeli.

Nilimhitaji Musau kwa sababu ambayo Wakamba wenzangu wanaijua. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe wake usoni, wala hawasemeshani ana kwa ana. Ndiyo heshima. Kwa hiyo mimi nilikaa nje juu ya gogo, mgongo wangu umeegemea ukuta wa udongo. Mama Ndunge, mama yake Mbithe, alikaa ndani, mgongo wake kwenye ukuta huo huo. Musau akasimama mlangoni. Nilimsikia mama mkwe hata alipovuta pumzi, lakini kila neno lilipaswa kupitia kwa Musau.

"Mwulize amefuata nini," sauti ikasema ndani.

Musau akanigeukia. "Mama anakusalimu, anauliza habari za safari."

"Sikusema hivyo."

"Anasema hakusema hivyo," akasema Musau.

Nikasema amwambie mama nimekuja kumchukua mke wangu. Musau akageukia ndani, akasema nimekuja kuomba radhi.

"Nimesikia alivyosema," ikajibu sauti. "Mwambie mke wake alikuwa na mafiga. Huyu aliye hapa hana mafiga, huyu ni binti yangu."

Basi nikaeleza kila kitu, na Musau akawa ananipunguzia. Nilieleza jinsi moto unavyokula nguvu ya chakula. Nilieleza kiungulia changu, na jinsi kilivyoisha. Nilieleza mashavu ya watoto wa tajiri wangu. Nilisema wanyama wote wa porini hawapiki na hawaendi hospitali. Nilipomaliza nikafikiri nimemgusa.

"Mwulize," akasema Mama Ndunge, "mimi nina meno mangapi."

Musau hakujua. Mimi pia sikujua. Ningejuaje, na simtazami?

"Manne. Sasa mwulize Kanini ana mangapi ya kutafunia. Halafu amwulize huyo Mhindi wake, kijitabu kinasema nini juu ya watu kama mimi na Kanini."

Kijitabu hakikusema lolote. Nikasikia Musau anacheka kwa pua.

Kisha Mama Ndunge akatoa hukumu yake. Mbuzi achinjwe. Nyama ichomwe na supu ipikwe. Nikila pamoja na watu wa nyumba ile chakula kilichoiva, atajua nimeoa tena. Nisipokula, nichukue ngozi nirudi nayo Thika.

Mnaweza kuona nilivyobanwa. Kesho yake nilitakiwa kusimama mbele ya ukumbi kama mtu asiyejua ladha ya moto. Na tumbo langu lilikuwa halijaonja kitu cha moto kwa karibu miezi miwili. Nyama ilipoiva niliitazama tu. Nicanor alisimama mbali ananitazama mimi. Muasya alijificha nyuma ya ghala, labda aliogopa nimekuja na maharagwe.

Kanini ndiye aliyekuja. Alikuwa na ubavu mmoja aliokuwa akiumumunya, mafuta yamemfika kwenye viwiko. Akautoa mdomoni mwake, akautia mdomoni mwangu.

Nikala.

Mimi ni mtu wa kusema kweli, basi niseme yote. Sikula kwa huzuni. Nilikula mguu wa mbele wote, nikaomba supu, nikauliza kama figo zimekwisha kugawiwa.

"Mwambie sasa ni mkwe wangu," sauti ikasema kutoka ndani.

"Mama anasema ule polepole," akasema Musau.

Nilikuwa najifuta mikono nikijua mambo yamekwisha. Ndipo Mbithe akatoka nyuma ya nyumba. Hakuwa amekonda hata kidogo. Alikuwa amefunga kitambaa kipya kichwani, tena kizuri kuliko vile ninavyomletea mimi kutoka dukani kwa Himatlal.

"Mmemaliza?" akauliza. "Tangu mchana mnazungumza habari zangu, na hakuna aliyeniuliza."

Nikamwambia twende nyumbani, mawe nitatafuta mengine.

"Siwezi kwenda hivi hivi. Nina kazi."

"Kazi gani?"

"Kila Jumatano na Jumamosi, jikoni nyuma ya duka la Chunilal. Leo nimetoka huko saa saba."

Chunilal ni kaka yake Jashoda. Ana duka pale Kalimoni, hajaoa, na hajui kupika hata chai. Nilijua kwamba siku hizo mbili Jashoda huwapeleka watoto kwa mjomba wao wapate hewa. Mimi mwenyewe ndiye niliyewafungia karoti za njiani.

"Unamfanyia nini Chunilal?"

"Simfanyii Chunilal. Ninamwashia moto mke wa tajiri wako."

Nikakaa tena juu ya gogo. Akanieleza, na ninyi nitawaeleza kwa kifupi. Siku ile Himatlal alipozima majiko, alimwomba mkewe aape mbele ya taa yao ya kuabudia kwamba kwa mwaka mzima mkono wake hautawasha moto wa kupikia. Jashoda akaapa. Halafu akatazama watoto wake wakikonda. Kiapo hakuweza kukivunja, na watoto hakuweza kuwatazama. Siku moja Mbithe aliingia kwa Chunilal kununua chumvi, akamkuta mama huyo amekaa nyuma ya duka, mfuko wa mchele mapajani, jiko baridi mbele yake, na Vimla analia.

Jashoda alimtambua, maana Krismasi iliyopita Mbithe alikuja Thika kunisalimia. Akamwuliza anafanya nini Kalimoni. Mbithe akamwambia mume wake amemng'olea mafiga kwa sababu ya kijitabu cha mume wake yeye.

"Tulitazamana," Mbithe akasema. "Halafu nikachukua kiberiti."

Tangu siku ile, mkono wa Jashoda haujawasha moto. Yeye husimama pembeni akielekeza kwa kidole, na Mbithe hupika.

"Na zile karoti zangu?"

"Punda wa duka anakusalimu."

"Kwa hiyo mashavu ya Vimla..."

"Wali na ndengu, na samli juu. Wewe ulifikiri nini?"

Musau alikuwa amekaa chini kabisa, ameshika tumbo.

Mbithe hakunicheka. Akakaa kando yangu kwenye gogo, akasema hasemi kila kitu changu kilikuwa kibaya. Njugu za kulowesha Kanini anazipenda, nazo akizisaga kabisa na kumchanganyia ndizi na parachichi, humaliza bakuli kila asubuhi. Nicanor sasa anaomba karoti mwenyewe. Lakini mchana wanakula kitu cha moto, na maziwa wanakunywa.

"Nani alikwambia lazima uchague kimoja?" akauliza.

Hakuna aliyeniambia. Nilijiambia mwenyewe.

Kisha akanipa sharti lake. Jashoda amechoka kujificha. Mara tatu amejaribu kumwambia mumewe, na mara zote tatu Himatlal amemtaja yule mtoto wao waliyemzika, naye akashindwa kuendelea. Sasa keshokutwa na siku zijazo watu wengine watazima majiko yao kwa sababu wameona mashavu ya Vimla, na watoto wao hawana mjomba Kalimoni. Lazima mtu aseme, tena mtu ambaye Himatlal anamwamini kwa habari ya chakula.

"Nani huyo?" nikauliza.

"Pale kwenu nani anakuna nazi?"

Nikaficha mikono yangu mapajani.

"Kesho nitakuja ukumbini na watoto," akasema. "Usiogope, nitakaa na wanawake na sitasema kitu. Ukiulizwa watoto wale wamekula nini, na ukasema kweli, jioni nitarudi Ruiru na wewe. Ukisema ni nazi, nitarudi hapa kwa mama."

"Nikisema kweli nitafukuzwa kazi, Mbithe. Miaka tisa."

"Najua," akasema, na alisema kwa upole, ambao ulikuwa mbaya kuliko kama angenikaripia.

Jumapili asubuhi kiungulia kilikuwa kimerudi, kimekaa mahali pake pa zamani kama mtu aliyetoka likizo.

Ukumbi ulijaa. Wanaume walikaa kwenye viti, wanawake kwenye mikeka upande wa pili, watoto kila mahali. Mbithe alikuwa amefika, amekaa nyuma kabisa, Kanini mgongoni, wavulana kila upande. Si mbali naye alikaa Jashoda, akitazama mikono yake.

Himatlal alisema kwa lugha yao kwa muda mrefu. Sikuelewa maneno, lakini nilielewa alipofika kwa yule mtoto wa kiume, maana sauti ilimkatika na wanaume wawili mbele yangu wakatazama chini. Kisha akawapandisha Savita na Vimla juu ya benchi, wamevaa magauni ya manjano. Kina mama kwenye mikeka walinyoosha shingo. Mmoja aliyekuwa na mtoto mwembamba mapajani alisimama kabisa ili aone vizuri.

Mama yule ndiye aliyenimaliza. Mtoto wake alikuwa na shingo kama kijiti.

"Kaleli," tajiri wangu akaniita kwa Kiswahili. "Njoo mbele. Wewe unatengeneza chakula cha nyumba yangu. Waambie watu hawa, watoto wangu wamekula nini hata wakawa hivi?"

Nikaenda mbele. Himatlal alikuwa akitabasamu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu kwa miaka mitatu. Savita alikuwa akinitazama kutoka juu ya benchi. Yeye alijua. Nilifikiri juu ya nyumba tupu, nikafikiri juu ya jikoni kule Thika na ndoano ninayotundika koti langu. Sikutazama upande wa mikeka. Nilijua ninachotazamiwa huko.

"Wali, bwana," nikasema. "Wali na ndengu. Na samli juu."

Wanaojua Kiswahili wakawaambia wasiojua. Maneno yalipita ukumbini kama maji yanavyopita kwenye mfereji, na kila yalipofika, vichwa viligeukia benchi.

Himatlal hakupiga kelele. Alivua miwani yake akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Nyumbani kwangu hakuna moto," akasema.

"Hakuna, bwana."

"Basi nani ameuwasha?"

Nilikuwa nimejitayarisha kusema chochote isipokuwa jina. Lakini sikuhitajika kusema. Huko nyuma Mbithe alisimama. Kabla hajafungua mdomo, Jashoda naye akasimama, akavuta sari yake vizuri kichwani, akasema kwa Kiswahili ili na sisi wengine tusikie.

"Mkono ni wa huyu. Moto ni wangu."

Tajiri wangu akamtazama mkewe. Kisha akamchukua Vimla kutoka juu ya benchi, akamshika kwa mikono miwili mbele yake, si kama mtu anayembeba mtoto bali kama mtu anayepima uzito. Vimla akacheka. Himatlal hakucheka. Akamweka begani, akanigeukia mimi.

"Kaleli," akasema, "kesho usije kazini."

Nikasema ndiyo, bwana. Nilikuwa nimelitegemea neno hilo tangu jana, na bado liliniingia kama maji baridi. Nikageuka niwaendee watu wangu. Mbithe alikuwa amekwisha kumfunga Kanini mgongoni upya, ameshika wavulana mikono, tayari kwa safari, na uso wake ulikuwa uso wa mke wangu wa siku zote. Nikajiambia, Kaleli, umepoteza kimoja na kupata kimoja, nenda nyumbani.

Lakini Jashoda alikuwa amekwisha kupita katikati ya mikeka. Wanawake walimpisha. Akafika mpaka kwenye benchi, akampita mumewe, akampita Vimla aliyekuwa akimnyooshea mikono kutoka begani kwa baba yake, akamteremsha Savita chini.

"Kama huyu haji kesho," akamwambia mumewe, "na mimi sirudi leo."

Ukumbi mzima ukamtazama Himatlal. Himatlal akamkumbatia Vimla kwa nguvu zaidi.

Jashoda akamshika Savita mkono, akaja akasimama kando ya mke wangu.

"Mama Nicanor," akamwuliza, "Ruiru ni mbali?"